Barua ya wazi: Hapo palipoandikwa "uhusiano na mtoto" nijaze nini?

Kwenu wenye dhamana ya uhamiaji na uraia, ustawi wa jamii, na usajili wa vizazi na vifo,

Na kwenu waheshimiwa wabunge wa mikoa ya Mbeya na Songwe,

YAH: MTOTO WA NDUGU ANAYELETWA KULELEWA KUTOKA NCHI JIRANI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. (Nimefundishwa kwamba barua isiyoanza hivi haisomwi.)

Mimi ni fundi cherehani hapa Tukuyu, wilayani Rungwe. Nashona sare za shule, napunguza suruali, na msimu wa harusi nalala saa nane za usiku. Nina watoto wanne. Watatu nimewazaa. Wa nne ana miaka tisa, yuko darasa la tatu, hapendi parachichi (Tukuyu nzima sijaona mwingine kama huyo), na kwa mujibu wa karatasi zake ni mgeni aliyekuja kutembea kwa siku 90. Hadi leo ameshakuja kutembea mara sita.

Jina lake silitaji. Ni mtoto, na mitandaoni jambo halifutiki.

Mama yake alikuwa mdogo wangu. Hapa ndipo kila dirisha huniuliza swali lilelile: "Mdogo wako tumbo moja?" Hapana, ni mtoto wa mama mdogo. Mama mdogo, ambaye ni tumbo moja na mama yangu, alizaliwa Kyela akaolewa Karonga, Malawi, miaka ya 1980. Kwa anayeitazama ramani tu, huko ni kuolewa nchi nyingine. Kwetu ilikuwa kuolewa ng'ambo ya mto. Mnyakyusa wa huku na Mngonde wa kule wakikutana sokoni hawahitaji mkalimani. Wanachekana lafudhi, wanaulizana ukoo, na kabla chai haijapoa wameshagundua kwamba shangazi wa mmoja ameolewa kwa kina mwingine. Mto Songwe wenyewe, kule chini unapokaribia Ziwa Nyasa, umekuwa ukibadili njia mafuriko makubwa yakipita, hadi serikali zetu mbili zikaanzisha mpango wa pamoja wa bonde la mto huo, na moja ya kazi zake ni kuzituliza kingo ili mpaka usiendelee kuhama. Yapo mashamba yaliyolala Tanzania yakaamkia Malawi.

Mdogo wangu alifariki mwaka juzi. Mumewe alikuwa ameondoka zamani kwenda Afrika Kusini kutafuta kazi, kama wafanyavyo vijana wengi wa kule, na simu yake ilikoma kupatikana mtoto akiwa na miaka mitatu. Mama mdogo yupo, lakini miguu haimbebi tena. Baada ya matanga ukoo wa baba ukakaa kikao. Na walikuwa na haki ya kunikatalia, maana kwa mila zetu, huku na kule, mtoto ni wa kwa baba. Wakasema apelekwe kwa mama yake mkubwa. Muhtasari ukaandikwa, watu kumi na mmoja wakasaini, wawili wao kwa dole gumba, mkuu wa kijiji akagonga muhuri. Nikadhani kazi imekwisha.

Nilivuka naye mpakani Kasumulu na begi moja la nguo na chitenje cha mama yake. Ile chitenje baadaye nilikata kipande nikashona mfuko wenye zipu, na humo ndimo zinamokaa karatasi zake zote hadi leo. Tukienda ofisini anataka aubebe yeye.

Fomu ya kwanza niliyojaza ilikuwa na nafasi ya "uhusiano na mtoto". Nikaandika: mama mkubwa. Kijana aliyeipokea, mpole tu, akaitazama akasema, "Mama, hapa wanataka mzazi au mlezi. Wewe ni nani?" Nikamjibu kwamba mama mkubwa ni mzazi. Akatabasamu, kwa sababu ni mtu wa huku na anajua kwamba nikisema nina mama wanne sijakosea hesabu. Kisha akakata nilichoandika, akaandika "mlezi". Kwenye ofisi ya pili nikaambiwa mlezi ni mwenye karatasi ya ustawi wa jamii au ya mahakama, na kama sina hiyo karatasi niandike "mwenyeji". Mwenyeji! Kana kwamba nimempangisha chumba.

Sasa niwaeleze hizo siku 90, maana nadhani waliozitunga hawakumfikiria mtoto wa darasa la tatu. Raia wa Malawi anaingia kwetu bila viza. Ni jambo jema sana kwa mfanyabiashara wa mchele, kwa anayekuja harusini, kwa anayekuja kuzika. Kwa mtoto asiye na kibali kingine chochote, maana yake ni kwamba kila miezi mitatu lazima atoke na aingie upya. Basi tunaondoka Tukuyu saa kumi na mbili asubuhi, na ukungu bado umelala kwenye migomba. Kosta inateremka milima, masikio yanaziba, sweta linavuliwa, na tukikaribia chini joto la Kyela linatupokea pamoja na harufu ya kokoa iliyoanikwa kwenye mikeka. Mpakani anagongewa kutoka. Tunavuka daraja kwa miguu. Upande wa pili anagongewa kuingia. Tunakunywa soda, waendesha baiskeli wa kabaza wanatuita tupande, wabadilisha pesa wanapepea mafungu ya kwacha. Tunasema hapana, asanteni, tunageuka. Anagongewa kutoka kule, anagongewa kuingia huku. Mihuri minne, mtoto mmoja, na siku moja ya shule imekwenda na maji.

Mara ya mwisho afisa mmoja kijana aligeuza kurasa, akahesabu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, huyu hatembei. Huyu anaishi."

Ndicho ninachokisema tangu mwanzo.

Hata hizo kurasa zenyewe hazikupatikana kirahisi. Mwaka 2024 mfumo wa pasipoti wa Malawi ulidukuliwa, utoaji ukasimama kwa wiki kadhaa, na rais wao wa wakati huo, Lazarus Chakwera, akaenda bungeni kueleza kwamba wadukuzi wanataka walipwe. Foleni iliyojaa baada ya hapo ilitukuta na sisi. Hilo si lenu, nalitaja tu mjue kwamba mtu wa mpakani anabeba matatizo ya mifumo miwili kwa mpigo.

Njooni kwenye jambo linaloniuma zaidi. Katika mwaka huu na nusu, watu walionishauri niseme uongo ni wengi kuliko walionishauri nifuate sheria, na wote walikuwa wananitakia mema. Jirani zangu. Mama mmoja wa kanisani. Hata mtu mmoja mwenye kiti na meza, ambaye sitasema ni wa wapi, alishusha miwani akaniambia, "Mama, kwa nini ujitese? Mwandikishe kama wako." Nje ya duka ninapotolea kopi kuna kishoka aliyenitajia bei kabisa: laki moja na nusu, wiki moja, cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha kwamba nilimzaa mimi, hapahapa Rungwe. Alinieleza kwa utulivu kama anayeuza vocha.

Ningekubali, leo nisingekuwa naandika. Mtoto angekuwa raia wa kuzaliwa, shule isingeuliza kitu, na Kasumulu tungekwenda siku za sikukuu tu. Uongo ungenigharimu wiki moja. Ukweli umeshanigharimu mwaka na nusu na bado sijaona mwisho wake. Hapo ndipo penye kasoro, waheshimiwa: njia ya mkato imekuwa nyepesi kiasi kwamba anayefuata barabara kuu anaonekana mjinga.

Kilichonizuia ni mambo mawili. La kwanza ni woga, nisijifanye mtakatifu. Namjua kijana aliyelelewa mtaa wa pili na wetu tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, kaletwa kutoka ng'ambo vilevile, kwa nia njema vilevile, akaandikwa kienyeji. Alisoma hadi kidato cha sita akafaulu vizuri. Miaka kumi na minane ilipofika akaenda kuomba kitambulisho cha taifa, na huku kwetu mpakani maswali ya uraia huulizwa kwa makini, kama inavyostahili. Bibi yake mzaa mama alizaliwa wapi? Kaburi la babu liko wapi? Yule kijana akasema ukweli, maana hakuna aliyewahi kumwambia kwamba cheti chake kinasema vingine. Mkopo wa chuo nao unataka cheti kilichohakikiwa. Kijana amekaa nyumbani sasa, anaendesha bodaboda ya mtu.

La pili ni kifungu kimoja. Mwanasheria wa msaada wa kisheria alinisomea Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, kinachosema mtoto ana haki ya jina, ya uraia, na ya kuwajua wazazi wake wa kumzaa pamoja na ukoo wake. Nikamwomba arudie. Yaani sheria ya nchi yangu inajua kuna ukoo! Kwa cheti cha kishoka ningempa mtoto haki ya pili kwa kumnyang'anya ya kwanza na ya tatu. Ningelazimika kumfundisha kwamba mama yake hakuwahi kuwapo. Ana miaka tisa. Anamkumbuka mpaka namna alivyokuwa akifunga kilemba.

Kwa hiyo nikaamua kufuata barabara kuu, na hiki ndicho nilichokikuta huko. Vipande vya barabara vipo, tena vingine ni vizuri. Ila havijaunganishwa.

Kwanza kuna kuasili. Maombi husikilizwa na Mahakama Kuu, nasi tuna bahati kwamba Mahakama Kuu ipo Mbeya mjini, hatulazimiki kupanda basi la Dar es Salaam. Afisa ustawi wa jamii anakuja kuona nyumba, anazungumza na mtoto, anaandika taarifa. Aliyekuja kwangu alikaa saa mbili, akaangalia anapolala, akamuuliza maswali mimi nikiwa nje, na sikuona usumbufu wowote; nilitamani aje tena. Baba ambaye hajulikani alipo nalo ni jambo la mahakama kulipima. Mahakama ikikubali, mtoto anahesabika wangu kama niliyemzaa na haki za wazazi wa awali zinakoma. Tangu 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, nikashukuru, kisha nikaambiwa karatasi zangu zote za Malawi ziko kwa Kiingereza na zinahitaji tafsiri iliyothibitishwa. Haya.

Lakini ili mahakama inisikilize, mtoto anapaswa kuwa amekaa na mimi. Na ili akae na mimi, anahitaji ruhusa ya kukaa nchini. Na ruhusa ya kukaa kama mtegemezi wangu inataka karatasi inayonitambua mimi kuwa mzazi au mlezi, ambayo ndiyo ileile ninayoiombea mahakamani. Nimelieleza hili kwa watu wenye elimu kunizidi, wote wakakuna kichwa. Ni kama kuambiwa hupewi ngazi mpaka kwanza upande juu ya paa ukaonyeshe kwamba unaihitaji.

Halafu tuseme mahakama imekubali. Je, amekuwa Mtanzania? Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inataja njia tatu: kuzaliwa, kurithi na tajnisi, yaani mgeni kuomba uraia akapewa. Kuasiliwa hakumo. Kurithi nako kumekatika njiani: Mtanzania wa kuzaliwa anaweza kumrithisha uraia mtoto aliyezaliwa nje, ila mrithi huyo hawezi kuupitisha tena kwa mtoto wake aliyezaliwa nje. Hata tukisema mdogo wangu aliurithi kwa mama mdogo, kwake ndipo ungeishia. Kizazi kimoja, basi. Inabaki tajnisi, ambayo masharti yake makuu ni kukaa nchini kwa miaka, kujua Kiswahili au Kiingereza, tabia njema, na kuwa na mchango kwa taifa. Kiswahili anakijua na ameshaanza kunisahihisha. Tabia, asubuhi njema, jioni inategemea. Mchango wake kwa taifa hadi sasa ni kuokota mayai na kufungia mbuzi.

Najua wapo mtakaosema: kwa nini usimwasili hukohuko Malawi kabla ya kuvuka? Niliuliza. Sheria ya kule ilimtaka anayeasili awe mkaazi wa huko, na wengi mnakumbuka kisa cha mwimbaji Madonna: mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Malawi ilimkatalia mtoto wa pili kwa hoja ya ukaazi, na Juni mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Mimi cherehani langu liko Tukuyu. Kuwa mkaazi wa Karonga ni kufunga duka, na sina mawakili wa kunifikisha kwenye rufani.

Na msidhani kilio hiki ni cha wanaoleta tu. Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari yuko Marekani, dada yake alifariki Uyole akaacha binti. Kule, mtoto wa dada hana daraja lake katika orodha ya ndugu unaoweza kuwaombea viza ya kuhamia. Lazima awe mtoto wako kisheria: umemwasili kabla hajatimiza miaka 16, na umekaa naye ukiwa na mamlaka ya kisheria juu yake kwa miaka miwili, au apite njia ya yatima, ambayo nayo ina masharti yake. Huku kwetu, kwa kuwa yeye ameshachukua uraia wa kule na wetu hauruhusu kuwa na nchi mbili, mbele ya Sheria ya Mtoto ni mgeni, na mgeni hutakiwa awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo kabla ya kuasili. Kazi yake ya uuguzi itamsubiri miaka mitatu? Alilia kwenye simu. Ila jambo moja nililiona: masharti ya Marekani ni makali, lakini aliyasoma yote jioni moja, akajua wapi amekwama. Mimi nimechukua mwaka mzima kugundua tu kwamba nimekwama.

Sasa nizungumze jambo ambalo mngelisema ninyi kama nisingelisema mimi. Watoto wanauzwa. Ipo Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na haikutungwa kwa sababu ya hadithi. Sisi wa nyanda za juu kusini tunalijua hili kuliko wengi. Ni mabinti wa Iringa, wa Njombe, wa Rungwe, ambao miaka nenda rudi wanafuatwa kijijini na mwanamke aliyevaa vizuri anayesema, "Nipeni huyu, mimi ni mama yake mkubwa, atasoma Dar." Binti anakwenda, anaoshea watu vyombo miaka minne, anarudi bila cheti na bila mshahara. Neno langu, neno lilelile nililoandika kwenye fomu, ndilo wanalolitumia. Kwa hiyo afisa anayenikazia macho mpakani akauliza mtoto huyu ni wa nani, namheshimu. Siku moja atamwokoa mtu.

Ila angalieni ukali wenu mmeuweka wapi. Mtu mwenye nia mbaya anavuka mara moja. Haombi muhuri wa pili, haendi ustawi wa jamii, hajazi nafasi ya uhusiano. Anayerudi Kasumulu kila miezi mitatu na mtoto aliyeshiba na daftari za shule ndiye mnayemhesabia siku. Kama mnataka kumkamata mwizi wa watoto, njooni nyumbani. Njooni bila taarifa. Muulizeni mtoto anakula nini, analala wapi, anasoma wapi, nani anampiga. Muhuri hauwezi kuuliza hayo.

Nyanda zetu zimelea yatima bila kusubiri karatasi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2016 na 2017 uliikuta Njombe ikiongoza nchi kwa maambukizi ya VVU, asilimia 11.4, Iringa ikiwa nyuma kidogo tu, na Mbeya ikafuatia kwa asilimia 9.3. Nyuma ya tarakimu hizo kuna watoto, na watoto hao hawakwenda wote kwenye vituo. Walikwenda kwa bibi, kwa mama mdogo, kwa baba mkubwa. Kila nyumba ya mtaa wangu imepata kuwa na mtoto wa namna hiyo, na hakuna aliyeitwa mwenyeji wake. Tofauti ya wangu ni daraja moja.

Nisiwe mtu wa kulalama tu. Mkitaka, mnaweza. Mwaka 2013 mlianzia hapa Mbeya ule mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano: cheti bure, kinaandikwa palepale kwenye zahanati au ofisi ya kata, taarifa inatumwa kwa simu. Kabla yake mtu alifunga safari hadi wilayani na wengi hawakufunga. Mtoto wangu wa mwisho alipata cheti chake nikiwa nimesimama foleni ya chanjo. Aliyebuni hilo bado yupo mahali fulani serikalini. Mtafuteni, mpeni na hili.

Ninachoomba ni kitu ambacho mtendaji wa kata anaweza kukibandika ukutani: karatasi moja, kwa Kiswahili, inayosema ukiwa unaleta mtoto wa ndugu kutoka nje ili umlee, anzia dirisha hili, kisha lile, leta hiki, na mwisho wake ni huu. Ibandikwe Kasumulu, ibandikwe Isongole wanakovukia wa Chitipa, ibandikwe Tunduma ambako ndugu zetu wa Nakonde wana shida hiihii na Zambia. Na huyo mtoto, tangu siku afisa ustawi wa jamii anapofungua jalada lake, apewe kibali cha kukaa kinachofuata jalada, siyo kinachofuata kalenda. Jalada likiwa hai, kibali kiwe hai. Ustawi wakiona nyumba haifai, wakifute siku hiyohiyo na wamchukue. Hapo ukali wenu utakuwa na meno.

Maafisa ustawi wawili wa pande mbili za mto wapeane namba za simu. Nimeshangaa kukuta hakuna anayejua mwenzake anaitwa nani, wakati wakuu wa wilaya hukutana kwenye vikao vya ujirani mwema kuzungumzia mifugo iliyoibwa. Ng'ombe akivuka mto bila ruhusa, simu inapigwa usiku huohuo. Na muhtasari wa kikao cha ukoo, wenye muhuri wa mkuu wa kijiji, upewe uzito wa kuanzia. Sisemi utoshe. Uanzie.

Kuhusu uraia, hilo ni la waheshimiwa wabunge, kwa kuwa linahitaji Sheria ya Uraia iguswe. Andikeni tu wazi kwamba mtoto aliyeasiliwa na raia kwa amri ya Mahakama Kuu hatua yake inayofuata ni ipi. Mkisema apewe, nitashukuru. Mkisema asubiri hadi atimize miaka 18 aombe mwenyewe, nitanuna, lakini nitajua la kumwambia. Kwa sasa huniuliza, "Mama mkubwa, mimi ni wa wapi?" nami namjibu ale amalize chakula.

Karatasi zangu zote zipo, nakala na halisi, kwenye mfuko wa chitenje. Atakayezihitaji nitamletea, na mwenye mfuko atakuja naye. Muhuri wake wa sasa unaisha tarehe 14 mwezi ujao, siku ya mtihani wa Hisabati. Nimeshazungumza na mwalimu. Ameniahidi atamfanyisha siku inayofuata, asubuhi kabla ya wenzake hawajamsimulia maswali.

Ndaga fijo, asanteni sana.

Mama mkubwa,
Tukuyu